Kutafuta Uongozi wa Mungu: Mwongozo kwa Mwenye Uamuzi Mbele Yake

Wengi wetu huanza kumuuliza Mungu pale uamuzi unapokuwa umeshafanyika nusu. Barua ya kuacha kazi imeshaandikwa, ndugu wa pande zote mbili wameshaambiwa habari za uchumba, ndipo mtu anapiga magoti: "Bwana, nionyeshe njia." Hapo anachotafuta ni baraka juu ya njia aliyokwisha kuichagua. Kuomba baraka si dhambi, ila ni ombi jingine kabisa, na ukilichanganya na ombi la kuongozwa utaishia kulalamika kwamba Mungu hajibu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuuliza kweli. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu akili iliyochoka na mawazo inahitaji pa kuanzia, lakini hatua hizi si dawa ya kumeza kutwa mara tatu halafu usubiri matokeo. Unaweza kurudi nyuma, ukakaa wiki nzima kwenye moja na nyingine ukaipita kwa siku.

Hatua ya 1: Liandike swali lenyewe

Chukua daftari uandike swali lako kwa sentensi moja. "Nifanye nini na maisha yangu?" halijawa swali bado, hiyo ni hofu. "Je, nikubali kazi hii niliyopewa, ambayo itanitenga na familia yangu kwa miaka 2?" ni swali. Andika na tarehe ya mwisho ya kujibu, ile iliyowekwa na waajiri, na chuo au na mwenye nyumba. Kama haipo, jiwekee mwenyewe.

Kisha jiulize swali hilo ni la aina gani.

Yapo maswali yaliyokwisha kujibiwa. Anayefunga siku tatu ili ajue kama amlipe mtu anayemdai, au kama aendelee na uhusiano na mume wa mtu, anapoteza njaa yake. Paulo aliwaandikia Wathesalonike waziwazi kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao, waepukane na uasherati (1 Wathesalonike 4:3), na sura inayofuata akaongeza kwamba kushukuru katika kila jambo nako ni mapenzi ya Mungu kwao. Hapo kinachotakiwa ni utii, pengine na msaada wa kuutekeleza.

Yapo pia ambayo Mungu ametuachia uhuru. Kwa mjane, Paulo anasema yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, "katika Bwana tu" (1 Wakorintho 7:39). Sharti limewekwa, na ndani ya sharti hilo mtu anachagua. Nimeona watu wakijitesa kutafuta jina moja lililofichwa mbinguni, na katika kutafuta huko wakawapita watu wema.

Yanayobaki ni maswali ya hekima: njia mbili au tatu zote halali, matokeo yake makubwa, na huoni mbele. Hatua zinazofuata ni kwa ajili ya hayo.

Hatua ya 2: Jipime kama unaweza kusikia "hapana"

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ukiniuliza mimi, ndiyo inayoamua kama zinazofuata zitakufaa.

Soma Yeremia sura ya 42 na 43 polepole. Yerusalemu umeanguka, liwali Gedalia ameuawa, na mabaki ya watu chini ya Yohanani mwana wa Karea wanaogopa kisasi cha Wakaldayo, yaani Wababeli waliomweka Gedalia. Wanamwendea Yeremia kwa unyenyekevu mkubwa: tuombee, na jibu likiwa jema au likiwa baya, tutatii. Maneno mazuri kuliko hayo huyapati hata kwenye mkesha. Yeremia anaomba, na neno linakuja baada ya siku 10: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Mara moja wanamwambia anasema uongo, na kwamba Baruku, mwandishi wake, ndiye anayemchochea. Wakaenda Misri, na Yeremia wakamchukua.

Sasa rudi mwisho wa sura ya 41 uone walikuwa wamepiga kambi wapi walipouliza: karibu na Bethlehemu, katika safari ya kwenda Misri. Mahema yalikuwa yameshaelekezwa huko. Midomo iliuliza, miguu ilikuwa imeshajibu.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, mwambie Mungu unachotaka, bila kujifanya huna upande. Yesu mwenyewe kule Gethsemane alisema alichotaka, kikombe kimwepuke, kabla ya kusema mapenzi ya Baba yatimizwe. Anayejidai hana hamu yoyote huwa ameificha tu, na hamu iliyofichwa ndiyo inayotafsiri kila ndoto na kila mstari kwa faida yake.

Pili, tamka kwa sauti sentensi inayokuuma: "Bwana, ukisema nisiende, sitakwenda." Itamke kila siku kwa juma zima. Siku za mwanzo pengine itakwama kooni, na hapo umejua kazi yako ya maombi iko wapi. Usiombe ishara bado, omba moyo ulegee kwanza.

Tatu, simamisha hatua zisizorudi. Usitoe malipo ya awali, usitangaze, usikabidhi barua ya kuacha kazi. Ukishapiga kambi njiani, jibu lolote la kurudi litasikika kama uongo.

Hatua ya 3: Soma Neno kwa mpangilio

Kufungua Biblia popote, ukafumba macho na kuweka kidole, ni ramli iliyovaa joho. Acha.

Chagua kitabu kimoja au viwili usome mfululizo kwa muda ulionao. Kwa uamuzi wa kawaida napendelea Yakobo, ambacho ni sura 5 tu, pamoja na Mithali sura moja kwa siku. Sura zake 31 zinatosha mwezi. Zaburi ya 25 iwe ya kuombea. Kila unaposoma andika majibu mafupi ya maswali haya: Mungu anapenda nini hapa? Anachukia nini? Nani hapa yuko katika hali kama yangu, na alikosea au alipatia wapi? Kuna amri ninayoijua na sijaitenda?

Usitazamie kuona jina la kampuni au la mchumba. Kinachotokea ni kwamba macho yako yanabadilika. Mtu aliyepewa nafasi ya uhasibu yenye mshahara mara mbili, lakini kwenye mahojiano akadokezewa kwamba vitabu vya hesabu huwa viwili, akisoma Mithali juu ya mizani ya hadaa hahitaji tena sauti ya usiku.

Jihadhari na mstari mmoja mmoja. Yeremia 29:11, juu ya mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, umebandikwa kwenye kuta nyingi na kudaiwa kabla ya usaili na mitihani. Uliandikwa katika barua kwa mateka waliokuwa Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70, yaani wengi wa watu wazima walioisikia barua ile wasingeishi kuona mwisho wake, na mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na wapande bustani huko huko utumwani. Ahadi ni ya kweli, lakini ni ya watu walioambiwa wasubiri muda mrefu na wawe na faida mahali wasipopapenda. Ukiidai, idai na hayo.

Hatua ya 4: Omba, na ukibarikiwa, funga

Tenga wakati uleule kila siku, hata kama ni dakika 20 tu. Anza kwa kushukuru, ungama unachojua, soma sentensi yako ya daftarini mbele za Mungu, kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu. Mawazo yakikimbilia bili na simu, yaandike pembeni urudi. Yakobo anasema mwenye upungufu wa hekima aombe kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei" (1:5). Neno hilo la mwisho ni la wale wanaojiona wajinga kwa kuuliza jambo lilelile mara ya kumi.

Kufunga kunasaidia kukusanya mawazo. Ndugu wa Antiokia walikuwa wakifanya ibada na kufunga Roho Mtakatifu aliposema watengewe Barnaba na Sauli, ambaye ndiye Paulo (Matendo 13:2). Lakini hakuna mgomo wa njaa wa kumlazimisha Mungu. Mjamzito, mwenye kisukari, au yeyote anayetumia dawa asiache chakula bila kuzungumza na daktari. Anaweza kufunga simu na televisheni.

Hatua ya 5: Kusanya habari

Wapo wanaodhani kuuliza maswali ya kawaida ni kukosa imani. Daudi hakudhani hivyo. Katika 1 Samweli 23, akiwa Keila, alipata habari kwamba mfalme Sauli anamfuata. Akaagiza kuhani Abiathari alete naivera, vazi la kikuhani lililotumika kumuuliza Mungu, akamuuliza Bwana maswali mawili mahususi: je, Sauli atashuka? Je, watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Akajibiwa ndiyo kwa yote mawili. Hakukaa kungoja unabii utimie, aliondoka na watu wake wapatao 600, na Sauli aliposikia akaacha kuja. Maombi na taarifa za kijasusi vilikwenda pamoja.

Kwa kazi: soma mkataba wote, ongea na mtu aliyewahi kufanya kazi hapo akaondoka, piga hesabu ya nauli na kodi ya nyumba kabla ya kufurahia mshahara. Kwa ndoa: ana madeni gani? Ana watoto? Anapokasirika huwaje, na wanaomtumikia huwatendeaje? Mmepima afya? Kwa huduma: nani atakusimamia, na fedha zitashikwa na nani? Mithali 18:13 inasema ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake. Mara nyingi swali lililokuwa zito huisha hapa hapa, bila ndoto wala maono.

Hatua ya 6: Tafuta washauri, na uwasimulie kwa haki

"Pasipo mashauri makusudi hubatilika; bali kwa wingi wa washauri huthibitika" (Mithali 15:22). Tafuta watu watatu: mmoja anayeyajua Maandiko, mmoja anayelijua jambo lenyewe, na mmoja anayekujua wewe, pamoja na udhaifu wako. Ni nadra mtu mmoja kuwa yote matatu, na mchungaji au padre si lazima awe fundi wa mikopo ya benki. Mwenye ndoa aanze na mwenzi wake. Uongozi unaomficha mke au mume una kasoro tangu mwanzo.

Unapoeleza, toa pande zote mbili kwa uzito uleule. Na usianze kwa kusema "Mungu ameniambia". Sentensi hiyo hufunga midomo ya watu: nani atabishana na Mungu? Sema, "Nadhani Bwana ananielekeza huku, naomba mnipime." Hata nabii Nathani alimwambia Daudi aendelee na wazo la kujenga hekalu, na usiku uleule neno la Bwana likamrudisha kusema vingine (2 Samweli 7). Nabii wa kweli aliteleza kwa kusema haraka jambo lililoonekana jema.

Hatua ya 7: Pima amani, ishara, ndoto na unabii

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Amani moyoni. Ni kitu cha thamani, ila haisimami peke yake. Yona alikuwa akimkimbia Mungu, na bado alilala usingizi mzito chini merikebuni wakati mabaharia wanalia. Yesu alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Amani inaweza kuwa nafuu ya kukwepa jambo gumu, na wasiwasi unaweza kuwa woga wa kawaida wa kitu kipya.

Afadhali uangalie kinachobaki baada ya muda. Ignatius wa Loyola, askari wa Kihispania aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, alijeruhiwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, na akiwa kitandani aliwaza mambo ya aina mbili: sifa za uaskari na kumpendeza bibi mmoja mtukufu, halafu kumfuata Kristo kama watakatifu aliowasoma. Yote mawili yalimfurahisha wakati anayawaza. Tofauti aliiona baadaye: ya kwanza yalimwacha mkavu, ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Fanya hivyo nawe. Siku tatu ishi kana kwamba umeshakubali, omba na lala ukiwa na wazo hilo. Siku tatu nyingine ishi kana kwamba umekataa. Kila jioni andika kinachobaki moyoni: upendo, ujasiri na nia ya kuomba, au ukavu, hasira na kujificha?

Milango. Mlango wazi si amri. Sauli aliingia pangoni alimojificha Daudi, na watu wa Daudi wakasema hii ndiyo siku aliyoahidi Bwana. Mlango gani ulikuwa wazi kuliko huo? Daudi alikata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo (1 Samweli 24). Nao mlango mgumu si katazo. Paulo alibaki Efeso kwa sababu alifunguliwa mlango mkubwa, "na wako wengi wanipingao" (1 Wakorintho 16:9).

Ishara za kujipangia. Gideoni, aliyetandika ngozi ya kondoo ili umande uwe ishara kwake, hutajwa kila mara. Kumbuka kwamba alikuwa ameshaambiwa la kufanya; ngozi ilikuwa ya imani yake kuyumba, na alipoiomba mara ya pili aliomba kwanza Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia. Mimi nisingeifanya kanuni.

Ndoto na unabii. Paulo hakutuambia tuvidharau, alisema: "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:20-21). Kwa hiyo uandike, uupeleke kwa washauri wako watatu, usiutekeleze siku hiyohiyo. Je, unapatana na Maandiko? Unathibitisha jambo ambalo Mungu ameshaanza kukusemesha, au unakuvamia? Anayeusema ana maisha gani? Na ukiona mtumishi anadai fedha ili akufunulie zaidi, anakutaka umfiche mwenzi wako, au anasema Mungu amemwonyesha kwamba wewe ndiye mke wake, ondoka. Huhitaji kufunga juu ya hilo.

Hatua ya 8: Amua

Tarehe uliyoandika imefika na bado hujasikia kitu cha pekee. Hali hii ni ya kawaida sana, kwa hiyo usijihukumu. Ignatius huyohuyo aliacha mazoezi mawili kwa wakati kama huo. Fikiria mtu usiyemjua kabisa, mwenye hali kama yako, anakuomba ushauri: ungemwambia nini? Kisha fikiria uko saa ya kufa kwako: ungependa uwe umechagua lipi? Andika majibu kabla hujayapamba.

Kama njia zote mbili bado ziko sawa, chagua ile utakayoweza kuwatumikia watu zaidi kwa moyo mweupe, na uichague kama mtu mzima. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake walikuwa barabarani. Roho aliwakataza kuhubiri Asia, wakajaribu Bithinia wakazuiwa, wakashuka hadi Troa, na hapo ndipo Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Baada ya maono, wote kwa pamoja wakaona hakika kwamba Mungu amewaita huko. Makatazo mawili yaliwakuta wakitembea.

Andika uamuzi, sababu zake na majina ya uliowashirikisha. Useme, "Bwana akipenda" (Yakobo 4:15), ukimaanisha.

Hatua ya 9: Ishi na uamuzi huo

Taabu ya mwanzo isikugeuze. Kule Makedonia, aliyeitikia wa kwanza kutajwa ni mwanamke, Lidia, wala yule mwanamume wa maono hatajwi tena. Muda si mrefu Paulo na Sila walipigwa bakora na kutiwa gerezani Filipi. Mtu mwingine angesema tumekosea njia. Ushauri wa Ignatius unafaa hapa pia: moyo ukiwa mkavu na umevunjika, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na nuru. Rudia daftari, usome ulichoandika, ongeza maombi, na ungoje utulie.

Weka siku ya kutathmini, miezi mitatu au sita baadaye, pamoja na mmoja wa washauri. Hapo unaweza kugundua kwamba ulikosea kweli. Yoshua na wakuu walifanya agano na Wagibeoni, majirani waliojifanya wametoka nchi ya mbali, kwa kuangalia mikate yenye ukungu na viatu vilivyoraruka, "wasitake shauri kinywani mwa BWANA" (Yoshua 9:14). Siku 3 baadaye wakajua wamedanganywa. Hawakuvunja kiapo. Na katika sura ya 10, wafalme watano walipoishambulia Gibeoni, Yoshua alikwenda kuwaokoa, na Bwana akapigana vita ile upande wao, vita vya kutetea agano ambalo halikuulizwa.

Kwa hiyo ukigundua kosa, litaje kwa jina, tubu, kisha uulize ni kipi kinachoweza kurekebishwa kwa uaminifu. Kazi inaweza kuachwa kwa taratibu za mkataba. Mkopo utalipwa, hata kama ni polepole. Ndoa ni agano, na swali la kwanza linakuwa jinsi ya kuwa mwaminifu ndani yake, pamoja na msaada wa watu waliokomaa. Lakini kama ndani ya nyumba kuna kipigo au vitisho vya kuua, jambo la kwanza ni wewe na watoto mfike mahali salama, halafu viongozi wa kanisa na vyombo vya sheria vijulishwe. Maswali mengine yote mtayaombea mkiwa huko.